Kikombe cha Kwanza cha Nyanya Feza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emilienne alifagia uwanja, akateka maji, kisha akafunua mtungi wa divai ya mananasi kuona imefikia wapi. Kaka yake Grégoire alikuwa anaoa msichana wa Lusangi. Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na hapo Kasongo hakuna aliyetengeneza divai ya mananasi kumshinda mama yao, Régina.

Ila divai yenyewe ilikuwa chafuchafu, kama maji ya mto baada ya mvua, na Emilienne hakuipenda hivyo. Alikuwa amemwona Gaston, mpishi wa misioni, akisafisha divai kwa ute mweupe wa yai. Anaupiga, anaumimina ndani, nao unashuka polepole ukibeba uchafu wote hadi chini. Basi harusi ilipokaribia, bila kumwambia mtu, Emilienne naye akafanya vivyo hivyo, kisha akaichuja kwa kitambaa safi. Lo! Divai iling'aa, ungeweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi.

Siku ya harusi wageni walishangaa.

"Régina, hii ni yako au ya padri?"

"Mutoto ndiye aliyeichuja," mama akajibu, akicheka. Emilienne kichwa kikamvimba.

Ndipo Nyanya Feza, mama wa baba yake, akaletwa mbele. Nyanya alikuwa mkunga, na tangu alipokabidhiwa kazi hiyo na shangazi yake, hakula nyama, samaki wala yai. Huo ndio uliokuwa mwiko wa wakunga wa ukoo wao. Kwa desturi, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Angekikataa, watu wa Lusangi wangeona amemkataa bibi harusi.

Emilienne akakumbuka yai. Nani angejua? Divai haikuwa na harufu ya yai hata kidogo. Akinyamaza, harusi itaendelea vizuri. Lakini Nyanya alikuwa anainua kikombe huku akimtabasamia, na Emilienne akashindwa kuvumilia.

"Nyanya, ngoja! Usinywe! Niliisafisha kwa yai."

Mama akamkata jicho. Baba mdogo Raphaël akaangua kicheko.

"Sasa iko yai gani humu? Limechujwa, limetupwa! Kunywa tu, mama."

Nyanya akakishusha kikombe, akawageukia wageni.

"Ndugu zangu wa Lusangi, binti yenu nimempokea kwa mikono miwili. Kinachonizuia ni mwiko wangu, si yeye."

Akampa mama wa bibi harusi kile kikombe, akaomba maji, akanywa, akambariki bibi harusi kwa maji hayo. Vigelegele vikapigwa, na ngoma ikaanza.

Wageni walipotawanyika, Emilienne alimfuata Nyanya jikoni.

"Nyanya, yai lilikuwemo au halikuwemo?"

"Sijui, mutoto wangu. Pengine Raphaël anasema kweli. Mkunga mwingine angekunywa bila wasiwasi."

"Basi nimewaharibia harusi bure!"

"Hujaharibu kitu. Unapomnywesha mtu, mwambie ulichotia, hata kama umekitoa tena. Mwiko ni wangu, na wa kuamua ni mimi. Ungenyamaza, ungekuwa umeniamulia wewe."