Nani Anajua Kuwa Mimi ni Fundi?

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za skuli, Sumaiya alitumwa mkate kwenye duka la Mzee Jaku, kona ya mtaa wao wa Mpendae. Akirudi humkuta mama yake, Bi Kazija, ameshachemsha chai ya mchaichai na yuko tayari kwenda kazini kwenye kituo cha afya. Zamani dada yake, Bashira, naye huwa ameshaamka, na watatu hao hunywa chai pamoja wakicheka. Siku hizi Bashira alikuwa bado amelala.

Bashira alikuwa amemaliza chuo cha amali mwaka uliopita. Alisomea ufundi wa mafriji na viyoyozi, akafaulu vizuri sana. Siku ya mahafali nyumba ilijaa furaha. Mama alipika biriani, na baba yao, anayefanya kazi Pemba, alisafiri makusudi kuja kumpongeza. Baada ya hapo Bashira akaanza kupeleka maombi ya kazi kwenye mahoteli. Alipeleka mengine kwa mkono na mengine kwa simu. Hakuna aliyemjibu. Taratibu akaacha kupeleka. Taratibu akaacha hata kutoka nje.

Sumaiya alikuwa kidato cha kwanza, na aliyaona yote hayo. Yeye ndiye aliyekuwa mbele darasani katika sayansi, na kila aliyemuuliza atakuwa nani, alimjibu, "Fundi, kama Da Bashira." Sasa akiulizwa alinyamaza. Alianza kusahau kazi za nyumbani. Kisha akawa hasahau, bali hafanyi tu. Wenzake Ismail na Borafya, waliozoea kusoma naye baada ya masomo, walimngoja mpaka wakachoka.

Siku moja Mwalimu Talib, aliyewafundisha hesabu na sayansi, alimwita.

"Sumaiya!"

"Naam, mwalimu."

"Mtihani wako huu si wako. Una nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi niambie ukweli. Sitakupiga wala sitakugombeza."

Sumaiya akatazama chini. Akasema, "Dada yangu alisoma kuliko mimi, mwalimu. Alikuwa hodari kuliko mimi. Na yuko nyumbani, hana kazi. Sasa mimi nasoma ili iweje?"

Mwalimu Talib akamwambia arudi darasani. Sumaiya alidhani mambo yameishia pale. Kumbe jioni, baada ya sala ya alasiri, alisikia sauti ya mwalimu mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, mwalimu, karibu ndani," alijibu mama.

Sumaiya alitamani aingie uvunguni mwa kitanda. Mwalimu alikaribishwa chai, akauliza hali za watu wa nyumbani, halafu akaeleza kilichomleta. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alipofika kwenye maneno ya "nasoma ili iweje," pazia la chumbani likatikisika. Bashira alikuwa amesimama nyuma yake. Aligeuka akarudi kitandani, na usiku huo hakula.

Sumaiya aliona vibaya. Alitaka kumwomba radhi dada yake, lakini kila alipofika mlangoni aligeuka akarudi.

Kulipokucha, Sumaiya alishangaa kumkuta Bashira jikoni, amevaa buibui lake, mkoba wa vifaa vyake vya ufundi uko miguuni.

"Da Bashira, nisamehe. Sikukusudia..."

"Umesema ulichokiona," alikatiza Bashira kwa upole. "Nimelala nikifikiri. Hebu niambie, hapa mtaani nani anajua kuwa mimi ni fundi?"

Sumaiya akafikiri. "Mimi. Mama. Baba."

"Na mwengine?"

Sumaiya akatikisa kichwa.

"Haya, twende dukani," alisema Bashira.

Mzee Jaku alikuwa akipanga soda. Waliamkiana, "Shikamoo," "Marahaba," kisha Bashira akamuuliza kama friji lake linafanya kazi vizuri.

"Friji hili?" alisema Mzee Jaku akiligonga ubavuni. "Hili lina wazimu. Linapoza likitaka. Kila mara naita mtu kutoka mjini, na akija leo, kesho limerudi vilevile. Kwa nini unauliza?"

"Mimi ni fundi wa mafriji, Mzee Jaku. Nimesomea."

Mzee Jaku akaweka chupa chini. "Wewe? Mimi nnajua wewe umesomea kompyuta! Mke wangu ndivyo alivyoniambia. Mwaka mzima nnahangaika, na fundi yuko nyumba ya tatu?"

Bashira alilivuta friji kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na vumbi zito kama zulia, na mpira wa mlango ulikuwa umelegea. Akalisafisha, akaurudisha mpira sawasawa, na akamwambia Mzee Jaku asilisogeze tena ukutani, kwa sababu linahitaji nafasi ya kutoa joto. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, kwani Mzee Jaku hakuwa mtu wa kunyamaza. Bashira akaanza kuitwa huku na kule.

Lakini kazi za mtaani zilikuwa ndogondogo, na kuna siku hazikuwepo kabisa. Siku moja kama hiyo Sumaiya alimkuta dada yake amejilaza tena, amegeukia ukutani.

"Da Bashira, kwani chuoni hukuwa na mwalimu?" aliuliza. "Mimi nilipoharibikiwa, Mwalimu Talib alikuja mpaka nyumbani. Wako yuko wapi?"

Bashira alikaa kitako. Mwalimu wake alikuwa Bi Ummkulthum, aliyempenda kama mwanawe. Tangu mahafali hakuwahi kwenda kumjulia hali hata mara moja.

"Naona haya," alisema. "Nimwambie nini? Kwamba nimekaa tu?"

"Mwambie hivyohivyo," alijibu Sumaiya. "Mimi nilimwambia mwalimu wangu hivyohivyo."

Bashira alicheka, ijapokuwa hakutaka. Jumamosi walikwenda wote wawili. Bi Ummkulthum aliwapokea kwa furaha, na alipomaliza kuwakumbatia, akaanza kulaumu.

"Umepotea wapi, mwanangu? Watu wananiuliza mafundi kila siku. Nawataja wale wanaokuja kunisalimu, kwa sababu hao najua wako wapi na wanafanya nini. Namba yako nikipiga haipatikani."

"Nilibadilisha, mwalimu. Nisamehe."

"Nshakusamehe. Kuna fundi mmoja mjini, anaitwa Mabrouk. Ana kazi nyingi kuliko mikono yake. Nenda kwake kesho kutwa, umwambie nimekutuma mimi. Lakini sikiliza, Bashira. Mimi nitakufikisha mlangoni tu. Yaliyobaki ni yako."

Mabrouk alikuwa na karakana ndogo katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpa Bashira kiyoyozi kibovu, akaondoka. Aliporudi akakuta kimefunguliwa, kimesafishwa, na kila skrubu imepangwa juu ya kitambaa. Akasema, "Njoo na kesho." Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao.

Nyumbani chai ya asubuhi ikarudi kunywewa na watu watatu. Sumaiya alifurahi, lakini masomo yake yalikuwa bado yako nyuma. Alikuwa ameachwa mbali katika hesabu, na sasa ni yeye aliyeona haya. Aliwaona Ismail na Borafya wakisoma barazani pa skuli, akapita upande wa pili kama hakuwaona.

Jumamosi iliyofuata Mabrouk alikuwa Kendwa kwenye hoteli moja, na simu ikamfikia kutoka Fumba. Bi Mwanakheri, mfanyabiashara wa pweza na ngisi, alikuwa na friza kubwa iliyojaa mzigo wa hoteli hiyohiyo. Umeme ulikuwa umekatika, na uliporudi, ulirudi kwa nguvu, friza ikazima. Mabrouk akampigia Bashira: "Chukua vespa yangu, nenda wewe."

Bashira akampakia nyuma Sumaiya, ambaye siku hiyo alimfuata karakanani, wakaondoka. Walipofika Fumba, Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mbele ya friza, mikono kiunoni. Aliwatazama wote wawili, kisha akatazama nyuma yao.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, bi."

"Wewe! Mwanangu, humu ndani mna jasho la wavuvi wa pwani nzima. Mzigo ukiharibika, hoteli hainitaki tena." Akafungua mlango wa friza kutazama pweza wake, akaufunga, na baada ya muda mfupi akaufungua tena.

Sumaiya hakuweza kujizuia. "Bi, samahani. Usiufungue. Kila ukifungua, hewa ya joto inaingia, barafu inayeyuka upesi. Tuifunike friza kwa mablanketi, joto lisiingie."

"Mablanketi? Si ndiyo yatatia joto?"

"Blanketi halina joto lake, bi. Linazuia tu. Ukijifunika wewe, linazuia joto lako lisitoke. Tukiifunika friza, linazuia joto la nje lisiingie."

Alipoyasema hayo alishtuka mwenyewe. Lilikuwa ndilo somo la joto, lile ambalo Mwalimu Talib aliwafundisha naye akilisikiliza nusunusu. Bi Mwanakheri akaguna, lakini alileta mablanketi, wakaifunika friza vizuri huku Bashira akifanya kazi nyuma yake.

Haikuchukua muda Bashira akaligundua tatizo. Kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, ilikuwa imeungua na kufura. Yeye hakuwa na nyingine. Zaidi ya hayo, maandishi yake yalikuwa yamebabuka, hakuweza kusoma ni ya ukubwa gani. Jasho likamtoka. Sumaiya aliuona uso wa dada yake ukianza kuwa kama ule wa zile asubuhi za kulala.

"Da Bashira," alinong'ona, "huna mtu wa kumuuliza?"

Bashira alivuta pumzi. Akampigia Bi Ummkulthum, akamsomea maandishi yaliyokuwa kwenye kibati cha mota. Bi Ummkulthum akamuuliza yeye mwenyewe anafikiri inatakiwa kapasita gani. Bashira akajibu kwa wasiwasi, na mwalimu akasema, "Ndiyo hiyohiyo. Ulikuwa unajua, ulitaka tu mtu wa kukuhakikishia."

Ikabaki kuipata. Hapohapo Fumba, kwenye nyumba mpya zinazojengwa, alikuwepo Ridhwan, kijana aliyesoma naye chuoni, anayefunga viyoyozi. Baada ya mahafali Ridhwan alimtumia Bashira salamu nyingi, na Bashira kwa kuona haya hakujibu hata moja. Alilitazama jina lake kwenye simu kwa muda, kisha akabonyeza.

"Bashira!" sauti ya Ridhwan ilisikika mpaka kwa Sumaiya. "Mimi nilidhani nimekukosea!"

"Hukunikosea. Ni mimi niliyekosa. Na sasa nina shida, Ridhwan."

Alipoelezwa, Ridhwan hakuuliza mengi. Alikuja mwenyewe, kapasita mkononi, akamkabidhi na kumwambia amrudishie nyingine akipata. Bashira akaifunga, akachomeka waya. Mota ikanguruma, ikasita kidogo, kisha ikatulia katika mlio mmoja laini. Bi Mwanakheri alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Hawakuruhusiwa kuondoka kabla ya kula, na walikula pweza wa nazi mpaka wakashindwa kuinuka.

Siku chache baadaye, mzigo ulipofika Kendwa salama, Bi Mwanakheri alimsimulia meneja wa hoteli habari za yule fundi msichana. Meneja akamuuliza Mabrouk. Mabrouk, mtu wa maneno machache, alisema, "Mchukue kabla sijabadilisha mawazo." Bashira akaitwa kwa majaribio, na majaribio yalipokwisha, akaajiriwa.

Sumaiya naye hakungoja zaidi. Jumatatu, baada ya ile safari ya Fumba, alikwenda moja kwa moja barazani pa skuli.

"Nimeachwa nyuma katika hesabu," aliwaambia Ismail na Borafya. "Nisaidieni. Nami nitawaeleza somo la joto, nalijua vizuri sasa."

Borafya alisogea kumpisha. "Kaa hapa. Tulikuwa tunabishana kwa nini chai hupoa."

Mtihani uliofuata Sumaiya hakuwa wa kwanza, lakini Mwalimu Talib alipomrudishia karatasi alitabasamu, akasema, "Huu sasa ni wako."

Kabla ya Bashira kuanza kazi Kendwa, dada hao wawili walikwenda chuoni kumshukuru Bi Ummkulthum, wakampelekea halua. Alifurahi mno. Kisha akamgeukia Sumaiya.

"Na wewe mdogo, uliyekuwa ukiyaona yote haya, umejifunza nini?"

Sumaiya akajibu bila kusita, "Kwamba kazi hupatikana kwa kujuana."

Bi Ummkulthum alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Kujuana wanakokusema watu ni kupewa kazi usiyoiweza kwa sababu mjomba ni mkubwa. Bi Mwanakheri ni nani yenu?"

"Si mtu wetu. Hakutujua."

"Na friza isingewaka, angekusifuni?"

"Angetufukuza!"

"Basi umeona. Dada yako alikuwa na ujuzi tangu siku aliyotoka chuoni, lakini alijifungia nao ndani. Moyo ukivunjika mtu hujificha, na akijificha, huvunjika zaidi. Kinachomtoa ni kufanya kazi iliyo karibu yake, hata ikiwa ndogo, na kutowaacha watu aliosoma nao na waliomfundisha. Awajulie hali, awaulize asilolijua, naye awasaidie wakimwita. Hapo jina lake litatembea hata yeye akiwa amekaa. Ila ni lazima kazi yake iwe nzuri, kwa sababu jina baya nalo hutembea. Na hayo hayangoji ukubwa. Unaweza kuyaanza ukiwa skuli."

Sumaiya alifikiri kidogo. Kisha akajiweka sawa kitini.

"Mwalimu," alisema, "mimi na wenzangu wawili tunasoma pamoja. Tunaweza kuja siku moja hapa chuoni, tukaona mota inavyofunguliwa?"

Bashira alimtazama mdogo wake kwa mshangao. Bi Ummkulthum akasogeza sahani ya halua upande wa Sumaiya.

"Njooni Alhamisi," alisema. "Na mje na maswali."