Sauti Ndani ya Kompyuta ya Marehemu

Wiki ya tatu baada ya msiba, mpiga chapa alimsikia mama mkwe wake akicheka chumbani kwa marehemu.

Alikuwa chumba cha mbele, anamalizia barua ya mteja. Vidole vikasimama. Tangu wamzike mwanawe, mume wa mpiga chapa, mama yule hakuwa ametoa chozi wala kicheko. Alikuwa amekauka tu, anaingia na kutoka kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Sasa alicheka kicheko cha chini chini, cha mtu anayetaniwa na mtu wake wa karibu. Na nyumba nzima ilikuwa na wanawake hao wawili tu.

Akaenda kuchungulia. Mama mkwe amekaa mbele ya kompyuta kubwa ya mwanawe, mikono mapajani, uso umemulikwa na kioo. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Alipoulizwa anaongea na nani, alijibu bila kugeuka kwamba anaongea na mwanawe, na kwamba si vizuri kukatiza mazungumzo ya watu.

Marehemu alikuwa fundi wa kompyuta. Mwezi mmoja kabla ya kufa alileta flashi aliyoikuta kwenye droo ya ofisi iliyofungwa miaka mingi. Ilikuwa na mafaili ya kusakinisha mfumo mzima wa kompyuta, na yeye, ambaye kwa ubahili wa bando hakuwa na mpinzani, alifurahi kwamba hatapakua kitu. Akaufuta mfumo wa zamani kwenye mashine yake, akauweka ule. Tangu hapo akawa habanduki mbele ya kioo. Kisha homa, siku nne, basi.

Siku zilizofuata mama mkwe aliacha kula. Kila saa nane mchana aliingia chumbani, akatoka jua likizama, mashavu yamezidi kubonyea. Siku moja mpiga chapa alisimama nyuma ya mlango, akaisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mumewe, na mkwaruzo wake ule ule wa kooni. Ilimuuliza mama anaogopa nini. Ilimuuliza anaumwa wapi. Na kila alipoitajia pahali, kiuno au kifua, kesho yake pahali hapo palizidi kuuma. Lakini kilichomtisha zaidi mpiga chapa ni miguu yake mwenyewe, maana ilikuwa imekwisha kupiga hatua mbili kuelekea ndani bila yeye kuiamuru.

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye fundi, aliyeishi mji mwingine. Shemeji akakiri kwamba kaka yake aliwahi kumwambia mashine ile inamwita, na yeye akamcheka. Alimkataza kuizima tu, kwa kuwa kilichomo kingengoja. Dawa yake ni kuifuta yote na kuweka mfumo mpya, ila si kwa flashi ile, wala kwa nakala yoyote iliyozunguka mitaani.

"Pakua faili lenyewe moja kwa moja kutoka kwa waliolitengeneza, shemeji," alisema. "Lisipite mkononi mwa mtu."

Kesho yake, mama mkwe alipokwisha kuingia chumbani, mpiga chapa alifungua kompyuta yake ndogo ya kazini na kuanza kupakua. Lilikuwa faili zito, la gigabaiti tano na zaidi. Lilipofika nusu, kicheko kule ndani kilikatika, na ile harufu ya nywele ikapenya chini ya mlango. Faili likakamilika. Shemeji alikuwa amemwelekeza namna ya kulihakiki: kwenye ukurasa wa wenyewe kuna mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na faili salama hutoa mstari ule ule. Akalinganisha. Haikufanana hata herufi moja. Shemeji alimwambia kwa simu, sasa ananong'ona, kwamba kuna kitu kimeingia njiani. Alifute, aanze upya.

Akaanza upya, akaweka kiganja juu ya mashine, akisoma dua zote alizozijua na zile alizozijua nusu, huku ukuta wa nyuma yake ukigongwa polepole kutoka chini kwenda juu, kama kitu kinachopanda, na sauti ya mumewe ikimwita kwa lile jina la utani ambalo halikuwahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala, ikimwita karibu kabisa na shingo, mpaka machozi yakamtoka, na asigeuke. Safari hii mistari ikafanana. Akalihamishia faili kwenye flashi mpya, akasukuma mlango wa marehemu.

"Mama," sauti ikasema, "anakuja kuniua."

Mama mkwe aliinuka akamkamata mkono kwa nguvu ambazo mtu asiyekula hana. Mpiga chapa hakujivuta. Aliuliza taratibu, "Mama, tangu aanze kuongea na wewe, amewahi kukuamkia?"

Yule mama alitulia. Mwanawe alikuwa mtu wa kumwamkia mamake hata akiwa bafuni, mpaka afukuzwe mlangoni. Akakigeukia kioo.

"Niamkie, mwanangu."

Sauti ililia. Ilimsifu, ilimkumbusha nyimbo alizombembelezea, ilisema inasikia baridi. Ilisema yote isipokuwa neno lile.

"Sema shikamoo," mama alirudia.

Feni ya mashine ikanyamaza. Kilichojibu hakikuwa na mkwaruzo wala koo.

"Mimi sishiki miguu ya mtu."

Mama mkwe aliuachia mkono wa mkwewe. Alichukua flashi, akauliza inachomekwa wapi, na alipoonyeshwa kitufe cha kukubali kufuta kila kitu, alikibonyeza mwenyewe. Taa ya chumba ilififia, kitu kikaguguna ndani ya kasha la chuma kwa muda mrefu, harufu ikawa kali kiasi cha kuwatapisha, kisha ikakatika. Kioo kikawa cheupe, kikauliza tu wanataka lugha gani.

Hapo ndipo mama alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Alilia hadi magharibi, akala sahani nzima, akalala.

Asubuhi mpiga chapa aliamka mwepesi. Alikuwa jikoni anamimina chai, mlango wa nje ungali na komeo, anajiandaa kwenda kumwamsha, aliposikia mama mkwe akiongea chumbani kwake, kusiko na kompyuta, kwa sauti ya upole, ya mtu aliyeombwa radhi akaridhika.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Pita ndani."