Pikipiki Kuukuu ya Kaka Yangu

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka thelathini na minne, mjane mwenye watoto watatu. Nilizaliwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu Mkumbi, kwenye kahawa. Sisimulii haya ili mnionee huruma. Huruma nimepewa nyingi... sijui hata niiweke wapi.

Wanunuzi binafsi walipoanza kufika vijijini kugombea kahawa yetu, msimu mmoja tulipata bei nzuri, mimi na marehemu mume wangu, Ambrosi. Tukanunua pikipiki. Mpya! Ambrosi alishuka nayo Mbamba Bay na mahindi, akapanda na usipa, dagaa wakavu wa ziwa letu, nami nikawauza sokoni Mbinga. Maisha yakaanza kutunyookea.

Ndipo akaja Damasi, kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa ameajiriwa na mnunuzi mmoja wa kahawa, na tajiri wake hakupenda aonekane mbele ya wakulima na pikipiki ya kizamani. Akaomba tubadilishane. Achukue yetu, atupe yake, na mabati ya kuezekea nyumba juu yake.

"Shemeji, hizi mpya ni za lami," alimwambia Ambrosi. "Ya zamani ndiyo ya milima. Hiki chuma watakirithi wanao!"

Ambrosi hakukubali wala kukataa. Aliizunguka ile kuukuu, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Injini ilinguruma vizuri, rangi ilikuwa imepakwa upya. Alitaka aipeleke kwa fundi kwanza, lakini Damasi akakunja uso, akauliza tangu lini ndugu wakachunguzana kama wezi.

Alipoondoka, Ambrosi aliniuliza, "Mama Edina, unasemaje? Yule ni wa kwenu."

"Damasi hawezi kutudanganya," nilimjibu.

Basi. Ni hayo tu niliyosema...

Tuliezeka nyumba. Pikipiki haikutusumbua mpaka masika yalipoingia na barabara ikaharibika. Siku moja Ambrosi alishuka na magunia ya mahindi kama kawaida. Kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, fremu ilikatika chini ya tangi, akarushwa bondeni. Walimrudisha kwa lori, amefunikwa turubai.

Sikulia. Wanawake walinishika mikono, wakanisihi nilie nisije nikaumwa. Nilisikia sauti zao kwa mbali, kama za watu walio ng'ambo ya mto.

Baada ya maziko alikuja fundi mmoja wa Mbinga kutupa pole. Akaiona pikipiki imeegemezwa ukutani, imevunjika. Akachuchumaa, akagusa pale ilipokatika, kisha akaniita pembeni.

"Mama, hapa nilichomelea mimi. Nilimwambia kaka yako fremu imechoka, asiipeleke milimani. Akaniambia nipake rangi."

Alijua! Kaka yangu, tuliyenyonya ziwa moja, alijua!

Damasi alikuwa amekaa na wanaume msibani. Nilimfuata, nikamuuliza mbele yao kama ni kweli. Akainamisha kichwa.

"Dada... nilidhani itadumu."

Itadumu! Shemeji zangu waliinuka kumpiga, wazee wakawazuia. Mimi nilirudi jikoni nikaendelea kuchambua maharage. Mikono ilifanya kazi... mwenyewe sikuwepo.

Baadaye aliturudishia pikipiki yetu. Mama yetu akaagiza kutoka Liuli kwamba nimsamehe, nikasema nimemsamehe. Akija namwambia shikamoo kaka, namwekea ugali. Namtazama anavyokula, na sisikii kitu. Hata chuki siioni. Je, huko ndiko kusamehe? Mnaojua niambieni.

Ndugu zangu, hasa kina mama mnaoulizwa neno moja na waume zenu, nawasihi! Asiyetaka chombo chake kikaguliwe, mkatalieni, hata kama mlibebwa mgongo mmoja. Undugu hauungi chuma kilichokatika.

Watoto wangu siku hizi wakiniuliza jambo, hata dogo, nawaambia wakamuulize bibi yao mzaa baba.