Shule Iliyozibwa kwa Mapenzi

Kabla ya jua kuchomoza, Salvacion huwa ameshawasha makaa. Mengine huyaweka chini ya sufuria, mengine juu ya mfuniko, na katikati ya mioto hiyo miwili huiva bibingka, mikate laini ya mchele na nazi. Mji mzima wa Bugasan humwita Manang Salve, yaani dada mkubwa. Hata waliomzidi umri humwita hivyo, hasa wakitaka kuongezewa kipande. Mikate ikiisha hufunika meza, huvaa blauzi iliyopigwa pasi, na kwenda kwenye baraza la mji. Manang Salve ni diwani.

Aliishi na baba yake, Maestro Teryo. Mzee huyo alikuwa amefundisha shule ya msingi ya mji tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Kila asubuhi alikunywa kahawa yake, akachukua mkongojo, akaenda kukaa kwenye ngazi za shule ya zamani.

Shule yenyewe ilikuwa imefungwa. Mto ulifurika mara nyingi mno, serikali ikajenga shule mpya kule mlimani, na ile ya zamani ikabaki na kufuli mlangoni. Rangi ilibanduka. Popo walihamia darini.

"Tay, baba yangu, unafuata nini kule?" Salve alimuuliza siku moja.

"Upepo," mzee akajibu. "Na hakuna anayeniuliza kama nimemeza dawa."

Salve alicheka, akamfungia mkate kwenye jani la mgomba. Alimpenda baba yake kupita kiasi, na alijua kwamba ni kupita kiasi. Mwaka ule jambo hilo lilimtia kwenye mtihani.

Mji ulihitaji nyumba. Watoto wa chekechea walikuwa wakisomea pembeni ya uwanja wa mpira wa kikapu, na mpira haukujua nani ni mchezaji na nani ni mtoto. Wafumaji wa kike nao walikuwa wameweka mitambo yao ya kufumia chini ya nyumba zao. Mvua ikinyesha, nyuzi zililowa na kitambaa kikaota ukungu. Kwa hiyo baraza likaanza kujadili shule ya zamani. Je, ikarabatiwe, au ibomolewe na kujengwa nyumba mpya ya saruji?

Mkandarasi mmoja alileta makadirio ya gharama. Kwa mujibu wa karatasi yake, kukarabati kungegharimu zaidi kuliko kujenga upya. Madiwani walitazamana. Wengine walishaanza kuchagua rangi ya nyumba mpya.

Salve aliomba wangoje kwanza. Hapo ndipo aliposimama Manong Wensing, yaani kaka mkubwa Wensing. Manong Wensing alikuwa diwani mwenzake, mfugaji wa nguruwe, mtu wa utani mwingi, na utani wake mara nyingi ulikuwa na mwiba ndani.

"Manang Salve," alisema, "hilo ombi ni la diwani au ni la binti ya Maestro? Maana sisi hatuna baba anayekaa kwenye zile ngazi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Salve naye alijitahidi kucheka, lakini roho ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu swali hilo hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe akikoroga unga. Kama shule ile haikuwa na faida kwa mji, je, angeweza kupiga kura ibomolewe, halafu arudi nyumbani akamtazame baba yake usoni?

Nyumba ya pili kutoka kwake alikuwa amepanga mwanamke kijana, Injinia Rhodora, wa ofisi ya majengo ya mkoa. Alikuwa mteja wa bibingka, tena wa kila siku. Asubuhi iliyofuata Salve alimpa mkate, akampa na ile karatasi ya mkandarasi, akamsimulia na utani wa Manong Wensing.

Rhodora alisoma huku akitafuna. Alipomaliza, aliuliza, "Aliyeandika haya aliingia uvunguni, chini ya sakafu ya shule?"

"Uvunguni hakuingiliki, Inday, mdogo wangu. Pamezibwa."

"Pamezibwa na nani?"

"Na sisi wenyewe," Salve akasema. "Kwa mapenzi."

Akamweleza. Pale Bugasan, watu waliomaliza shule mwaka mmoja ni kama ukoo. Kila sikukuu ya mji hukutana, huvaa fulana za rangi moja, na hushindana kuipa shule zawadi. Shule ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo, na mbuzi na nguruwe walipenda kulala chini ya sakafu. Siku moja Maestro Teryo alilalamika kwamba nguruwe hukoroma kwa sauti kubwa kuliko yake anapofundisha. Waliomaliza mwaka 1978 wakachanga, wakajenga ukuta wa matofali ya saruji upande mmoja wa uvungu, wakaandika mwaka wao na majina yao kwa rangi nyekundu. Wa 1979 hawakukubali kupitwa. Wakafuata wa 1980. Mwishowe uvungu wote ulizungukwa na majina, na mji ulijivunia ukuta ule kuliko kanisa.

Rhodora aliacha kutafuna. "Manang," alisema, "naomba twende tukatazame. Na umwite yule anayekutania."

Walikwenda wanne: Rhodora, Salve, Manong Wensing, na Maestro Teryo, ambaye hakualikwa lakini alikuwa ameshafika zamani. Baraza lilikuwa limetoa ruhusa ya kutoa matofali machache tu. Wensing alipiga nyundo. Tofali la kwanza lilipotoka, hewa nzito ilitoka nalo, yenye harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Wote walirudi nyuma.

Rhodora alilala chini, akaingiza kichwa na tochi, kisha akaingia mzima akiwa na bisibisi mkononi. Walimsikia akigonga huku na huku. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Waliojenga shule hii waliinua sakafu makusudi," alieleza. "Ardhi ya hapa ina maji. Unyevu ukipanda, upepo unapita chini na kuuondoa. Mlipoziba, unyevu ukakosa pa kwenda. Ukaingia kwenye mbao. Na mchwa nao wakapata njia. Wamepanda kwa nyuma ya ukuta, gizani, mpaka kwenye sakafu. Hakuna aliyewaona kwa sababu ukuta uliwaficha."

"Basi imeoza yote," akasema Wensing. "Nilisema."

"Njoo na bisibisi hii uniambie."

Wensing alikuwa na tumbo la kutosha, na kuingia kwake uvunguni kulikuwa kazi. Mbao zilizogusa ukuta zilikuwa laini kama biskuti iliyoloweshwa. Lakini nguzo za katikati zilikuwa za mtugas, mti mgumu wa zamani. Alichoma nguzo moja, akachoma nyingine. Alisukuma mpaka akatokwa na jasho.

"Haiingii," sauti yake ilisikika kutoka chini. Baadaye kidogo ikasikika tena. "Hii nayo haiingii."

Salve alikuwa karibu kupiga makofi. Akajizuia. Hakutaka kushangilia kabla ya kujua yote.

Nyuma ya jengo kubwa kulikuwa na chumba kimoja kilichojengwa baadaye. Hicho hakikuwa na nguzo ndefu. Kilikaa juu ya udongo, kwa mbao za mnazi, na bati lake lilivuja. Ndicho kilichokuwa darasa la Maestro Teryo miaka yote. Rhodora alichoma nguzo ya mlango, na bisibisi ikazama mpaka mpini. Akachoma ya pili, ikazama. Alimtazama mzee tu.

Maestro Teryo aliweka mkono wake kwenye mlango, akauondoa. "Ngazi zangu ni za kule mbele," alisema. Akaondoka polepole na mkongojo wake.

Mchana ule Rhodora na Salve walikaa kwenye meza ya bibingka, na Wensing hakwenda kwa nguruwe wake. Rhodora alitandaza karatasi ya mkandarasi.

"Manong, ukinunua nguruwe," alimuuliza Wensing, "unalinganisha bei ya nguruwe mzima na bei ya mguu mmoja?"

"Huo ni wazimu."

"Ndivyo karatasi hii ilivyofanya. Upande wa ukarabati imehesabu kubadilisha kila ubao wa jengo zima. Upande wa nyumba mpya imehesabu kuta na paa peke yake. Kubomoa hakumo. Kuzoa kifusi hakumo. Vyoo na umeme havimo. Na nyumba yenyewe ni nusu ya shule kwa ukubwa."

Wensing aliisoma upya kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameiamini karatasi kwa sababu ilipigwa chapa vizuri.

"Kwa hiyo nyumba za zamani siku zote ni nafuu?" Salve aliuliza.

"Hapana, Manang. Kile chumba cha nyuma, kukiokoa ni kutupa fedha za watu. Majengo hayafanani. Unakwenda kutazama mpaka chini kabisa. Halafu unahesabu vitu vile vile pande zote mbili. Na unauliza nani atalitumia kila siku, na nani atalitunza kila mwaka. Jengo lisilo na fungu la matunzo litarudi kwenye baraza lenu tena, jipya au la zamani. Tena msiwaahidi watu kwamba hapa patakuwa kimbilio la dhoruba. Kwa dhoruba kubwa waende shule ya mlimani."

Salve aliandaa hoja yake. Siku ya kikao ukumbi ulijaa, maana habari ya kuvunja ukuta wa majina ilikuwa imeshaenea, na watu walikuja na hasira zao. Maestro Teryo alikaa mstari wa mbele.

Salve alisimama. Alieleza kilichoonekana uvunguni. Alieleza hesabu mpya: jengo kubwa likirekebishwa kwa awamu, paa kwanza, kisha mbao zilizooza, mji utatumia karibu nusu ya gharama ya kujenga jipya la ukubwa ule ule. Alitaka kuta za uvungu zivunjwe ili upepo upite. Alitaka fungu la matunzo litengwe kila mwaka. Kisha akafika kwenye chumba cha nyuma.

Alitazama chini. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kisha akainua uso na kumtazama baba yake moja kwa moja.

"Chumba cha nyuma hakiokoleki," alisema. "Naomba baraza likibomoe."

Hakuna aliyecheka. Manong Wensing alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuunga hoja, na hakutia mzaha wowote. Mikono mingine ikafuata.

Lakini waliomaliza 1978 walikuwa hawajaridhika. Mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama akasema marehemu kaka yake alibeba yale matofali kwa mabega yake, na leo wanaambiwa walikuwa wanaua shule. Manung'uniko yakapanda. Ndipo Maestro Teryo alipojiinua kwa mkongojo. Watu wazima, wengine wakiwa na wajukuu, wakanyamaza kama zamani.

"Ule ukuta niliuomba mimi," alisema. "Na mlipoumaliza niliwapa kumi kwa kumi. Sasa nimeona kazi kwa nyuma, na nawanyang'anya alama. Mtazipata mkija Jumamosi na nyundo. Darasa litakalochelewa litasimama juani."

Yule mwenye mvi alifuta macho, akakaa chini akicheka.

Jumamosi ile kila darasa lilikuja na fulana zake. Wakashindana kuvunja kama walivyoshindana kujenga, na wa 1979 wanaapa mpaka leo kwamba wao ndio waliomaliza kwanza. Waliweka wavu wa chuma kuzunguka uvungu, upepo upite na nguruwe wasipite. Rhodora aliwaonyesha jinsi ya kuchungulia chini kila mwezi kutafuta njia za mchwa, na wafumaji wakalichukua jukumu hilo.

Mafundi walikarabati paa kabla ya mvua. Baadaye zikaja mbao za sakafu. Mwaka uliofuata watoto wa chekechea waliingia chumba cha mbele, na mitambo ya wafumaji ikapangwa katika chumba kinachofuata. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, Manong Wensing aliingia mwenyewe uvunguni, tumbo na yote, akashika udongo. Ulikuwa mkavu. Alikwenda kumwambia kila mtu sokoni kama vile ni yeye aliyevumbua upepo.

Siku ya ufunguzi Salve aligawa bibingka mpaka sinia ikabaki tupu. Alipomtafuta baba yake kwenye ngazi, hakumkuta. Alimkuta nyuma ya jengo, amesimama mahali palipokuwa darasa lake. Kifusi kilikuwa kimezolewa na nyasi zimeanza kuota. Salve alimsogelea taratibu. Miezi yote ile hawakuwahi kuzungumza juu ya chumba kile.

"Tay," alisema, "umenikasirikia?"

Mzee alichora mstari kwenye nyasi kwa mkongojo.

"Ubao ulikuwa hapa," alisema. "Wewe ulikaa pale, karibu na dirisha. Hapa ndipo nilipokufundisha kujumlisha na kutoa. Ulikuwa unalia ukikosa."

"Nakumbuka."

"Ungeniachia chumba hiki kwa sababu mimi ni baba yako, ningejua nilifundisha bure miaka yote ile."

Salve alimshika baba yake mkono. Walisimama hivyo katikati ya darasa ambalo halipo tena, mpaka watoto wa chekechea walipokuja mbio na kuwaomba wasogee, wanataka kucheza.