Shuka ya Pili ya Cucu

Sogeeni hapa motoni, na nyinyi wa nyuma pia. Wewe zima hiyo redio. Simu ziende chini ya mto. Nyamazeni mpaka nisikie kuni zikipasuka, ndipo nitaanza, maana jambo hili silisemi kwa sauti kubwa na sitalirudia.

Lilianza na harufu ya moshi.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi za jioni, huko Kiirua, barabara ya kutoka Meru kwenda Nanyuki. Ednah alikuwa jikoni kwake akimenya viazi. Nyumba mpya, vigae vyeupe, meko ya gesi, hakuna ukuni hata mmoja uliowahi kuingia humo. Na bado akasikia moshi. Si moshi wa takataka za jirani. Ulikuwa moshi wa mgunga, ule wa kwetu Mbeere, wenye uchungu kidogo mwishoni, umechanganyika na harufu ya mbuzi. Akafungua dirisha. Nje kulikuwa na upepo wa mlimani tu, baridi na safi. Moshi ulikuwa ndani.

Akafunga dirisha, akanusa viganja vyake, akaona haya. Mwaona? Hakuogopa kwanza. Aliona haya.

Niwaeleze kwa nini.

Ednah alizaliwa Ishiara, kwenye joto, na mama yake aliitwa Cicily, ila sote tulimwita Cucu, yaani bibi. Cucu alifuga mbuzi, alisaga mtama kwa jiwe, alinusa tumbaku, na alicheka kwa sauti ya kufukuza ndege shambani. Shuka alikuwa nayo moja, ya mistari myekundu, kona yake imeungua kwa kaa la moto. Ednah akasoma, akaolewa na Muchangi, mwalimu wa upande wa Embu, akafungua duka la mapazia mjini Meru. Siku moja Cucu alimtembelea katika nyumba ya kupanga akiwa na mwana-mbuzi ndani ya kiondo. Mwana-mbuzi akatoka, akala maua ya jirani. Cucu akapiga chafya ya tumbaku, akamwambia jirani, "Usijali, mama, amekusaidia kufyeka." Watu walicheka, na hawakucheka kwa ubaya. Lakini Ednah aliingia chumbani akalia, na tangu siku hiyo akaanza kutafuta nyumba ya kununua.

Walikuwa na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa pembeni mwa mji wa Embu, ya kawaida tu, ua mkubwa, na chumba cha nje chenye mlango wake. Muchangi aliipenda.

"Cucu atakaa pale," alisema. "Kuku wake watakaa hapa. Sisi ndio watu wa nyumba kama hii, Ednah."

"Na ile ya Kiirua?"

"Ile ni nzuri. Lakini tutaishi ndani yake vipi?"

Ile ya Kiirua ilikuwa ndani ya ukuta, geti jeusi, askari getini. Sheria za mtaa zilibandikwa hapo: hakuna kuku, hakuna moto wa kuni, hakuna kuanika nafaka nje, na kila mgeni aandikwe kitabuni. Muchangi alizisoma akakuna kichwa. Ednah alizisoma akapumua. Hangehitaji tena kumwambia mama yake usije. Ukuta ungemwambia.

Wakala aliyewaonyesha nyumba alikuwa mtu mwema. Aliuliza anavyouliza kila mnunuzi. "Mnaishi vipi kwenu? Mna mifugo? Kuna wazee watakaokuja kukaa nanyi? Mtaa huu ni wa watu wa kimya, nisije nikawauzia mahali pasipowafaa."

Muchangi alikuwa bafuni akifungua mifereji kuangalia maji. Ednah akatazama viatu vyake.

"Mama yangu alishafariki," akasema.

"Pole sana, madam."

"Asante."

Hivyo tu. Neno likatoka jepesi, wakanunua nyumba.

Wiki moja baada ya kuhamia, ile Alhamisi yenyewe, wanawake wa mtaa walibisha mlango. Wakala alikuwa ametaja msiba huo, na habari ikapita kwenye grupu ya simu ya mtaa. Mbele yao alikuwa Makandi, mwenyekiti wao, mke wa mkulima wa ngano, amebeba chupa ya chai, na wengine mikate na sukari. Wakakaa. Wakasema pole. Ednah angeweza kusema ukweli hapo, bado ulikuwa mdogo. Akakata mkate.

"Marehemu aliitwa nani, tumwombee?" Makandi akauliza.

"Cicily."

Sasa mnajua desturi yetu, mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake. Magotini pa Ednah alikaa binti yake wa miaka minne, naye ni Cicily, jina la Cucu. Makandi akafumba macho.

"Ee Mungu, tunakuletea Cicily. Mpumzishe."

"Sawa," mtoto akaitika.

Wanawake wakatabasamu huku macho yamefungwa.

"Lala salama, Cicily."

"Haya," mtoto akasema, akalaza kichwa.

Wakaondoka saa tisa. Saa kumi moshi ukaja.

Ijumaa jiwe lilianza kusaga. Kruu, kruu, ndani ya ukuta wa chumba cha mtoto, mwendo ule ule wa mkono wa Cucu, na Ednah akaongeza sauti ya televisheni. Jumamosi mtoto alikataa mkate, akataka uji wa mtama, yeye ambaye hajawahi kuuonja. Jumapili, akimvalisha soksi za kwenda kanisani, Ednah alishika nyayo zake akazikuta baridi kama jiwe la mtoni. Jumatatu baridi ilikuwa imefika magotini. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa.

"Kuna kitu humu ndani," Muchangi akanong'ona walipokuwa wakimfunika blanketi la tatu. "Ednah, kuna kitu unajua?"

"Sijui kitu."

Jumanne mchana, jua likiwa bado juu ya paa, Ednah alisikia mtoto akiongea chumbani na mtu, akaenda polepole akishika ukuta, moshi ukizidi kila hatua mpaka macho yakamtoka machozi, na aliposukuma mlango akaona mwanamke ameketi kitandani amempa mgongo, amejifunika shuka ya mistari myekundu yenye kona iliyoungua, mabega yake yakienda mbele na nyuma kama ya mtu anayesaga, ila mikononi hakuna jiwe, kuna miguu ya mtoto tu, anaisugua, anaisugua, na yule mwanamke alipogeuka hakuwa na uso wa Cucu wala uso wa mtu, palikuwa na jivu lililolowa maji, na mdomo.

"Wewe ni nani?" Ednah akanong'ona.

"Ulisema una mama aliyekufa," kile kitu kikajibu kwa upole. "Nikasikia nikiitwa kwa jina. Nikaona kuna nafasi."

"Mama yangu yuko hai."

"Waambie, basi."

Wengine hukiita jini. Wameru husema nkoma. Mimi sijui jina lake, najua tu kwamba kilimpa Ednah njia ya kutoka, kikangoja. Na Ednah akamfikiria Makandi. Akafikiria mikate, na ile grupu ya mtaa, na jinsi watakavyomwangalia getini. Akanyamaza. Mtoto wake yuko pale kitandani, midomo inageuka rangi, naye akanyamaza kwa aibu. Ndipo kitu kile kikashika mkono wa mtoto, na baridi ikapanda mpaka kifuani.

Jioni hiyo alimwambia Muchangi yote, uso ukutani. Muchangi hakumgombeza. Alitoka nje na simu.

Kesho yake Cucu alitoka Ishiara alfajiri, akafika saa nane, na kiondo chake, na shuka yake. Askari wa geti, Murungi, alifungua kitabu cha wageni.

"Unaenda kwa nani, Cucu?"

"Kwa Ednah wa Muchangi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Murungi akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana wa heshima, hakujua aseme vipi. "Cucu, huyo mama alifiwa na mama yake. Hata mimi nilimpa pole."

Cucu akakaa kwenye jiwe nje ya geti, kiondo magotini. Ednah alipotoka mbio, Cucu alimtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Ulinizika lini?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Nilivikwa nini? Hii shuka au nyingine?"

Ednah akapiga magoti kwenye vumbi. Cucu akamwacha hapo kidogo, kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Baridi imemfika mtoto wapi?"

"Kifuani."

"Waite wote walionililia. Asibaki hata mmoja."

Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango, maana mlango umeshampokea aliyekufa. Huingizwa kwa dirisha, na anayemwinua ni yule aliyemtangaza, na huinua baada ya kusema mbele ya watu. Makandi na wenzake walisimama kwenye nyasi wakiwa na aproni zao za maua, hawajui wameitiwa nini. Ednah akamshika Cucu mkono.

"Huyu ndiye mama yangu," akasema. "Hakufa. Nilimwonea haya, nikasema amekufa."

Makandi akavua miwani, akaifuta.

"Na mkate wetu ulikula?"

"Nilikula."

"Na machozi yangu nililia hapo kwenye kiti chako."

"Ndiyo, mama Makandi."

Ednah akainama chini ya dirisha la jikoni, Cucu akapanda mgongoni mwake. "Usiyumbe," akamwambia. "Mwana-mbuzi nimemwacha nyumbani." Hakuna aliyecheka.

Ndani, Cucu alipanga mawe matatu juu ya vigae vyeupe vya chumba cha mtoto, akawasha kuni za mgunga alizokuja nazo. Akampakata mjukuu wake. Kile kitu kilikuwa kwenye kona, kimejifunika shuka kama yake, na wanawake waliochungulia dirishani waliona wanawake wawili wa umri mmoja wakitazamana.

Cucu akatoa kijaluba cha tumbaku. "Unasema wewe ni Cicily," akakiambia. "Karibu. Nusa."

Akanusa yeye kwanza, akapiga chafya iliyotikisa vioo. Akampaka mtoto kidogo puani. Tukangoja, mimi nikiwa mmoja wa hao wa dirishani, kwa sababu nilimsindikiza dada yangu toka Ishiara na nisingemwacha. Mtoto akakunja uso, akakunja tena, akapiga chafya. Kile kitu kikanyoosha vidole vya jivu, kikachota tumbaku, kikavuta. Kikavuta tena. Hakikuwa na pumzi ya kupigia chafya.

"Cicily ni wawili tu humu," Cucu akasema. "Nafasi hakuna."

Jivu likamwagika chini, likazima kama moto uliomwagiwa maji. Jiwe likanyamaza ukutani. Mtoto akashika shavu la Cucu, akasema ana njaa.

Hawakukaa pale. Waliiuza nyumba kwa watu wawili wasiopenda kelele, na nasikia inawafaa. Wao walijenga karibu na Ishiara, ua mkubwa, chumba cha nje chenye mlango wake, na Cucu alilala humo miaka mitatu. Alikufa kweli mwezi wa Machi mwaka uliopita, amelala. Makandi alikuja na mikate. Ednah alisimama kaburini akitafuta machozi, hayakuja, na watu waliona.

Dada yangu alizikwa na shuka yake, ile moja. Mbuzi alipewa Muchangi. Jiwe la kusagia nilipewa mimi, ndilo hilo mlilokalia. Kijaluba cha tumbaku na jina alirithi Cicily mdogo. Na Ednah, alipofungua chumba cha mama yake siku ya kugawa, alikuta juu ya kitanda shuka ya mistari myekundu, kona imeungua, imelowa maji. Akaichukua, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Ameianika kwenye jua la Ishiara tangu Machi ile, na hata leo haijakauka.