Samaki Aliyeomba Kifungo

"Jeneza la mama halijatoka mlangoni, we Vlasta umeshabeba hereni zake." Hayo aliambiwa na dada yake, Božena, wakanuniana miaka sita.

Rafiki yangu Vlasta akabaki na mchezo wake wa kompyuta. Humo unabofya kila kitu: buli linakohoa, samaki kwenye beseni la kuogea anaomba kifungo cha shati. Siku moja akampa, tk, droo ya humo mchezoni ikafunguka. Wala hakufurahi. Akashuka stoo ya chini kuchukua matango ya siki.

Gizani akasikia tk ileile. Droo ya kabati la mama lililohifadhiwa humo stoo, iliyogoma kufunguka tangu msiba, ilikuwa wazi. Hereni zimo, juu ya gamba la samaki linalochuruzika maji.

Wewe unayeonana na Božena, mwambie hereni zipo. Na gamba mwambie mpaka leo halijakauka.