Boksi la Redio ya Evarista

Mwaka 1957, mjini Iringa, Atuganile alikuwa na mume asiyerudi nyumbani moja kwa moja. Liberatus akitoka karakana alipitia kwanza kwa Evarista, mjane mshona nguo aliyepanga chumba chenye umeme nyuma ya duka la Shabbir. Kilichomvuta huko ni redio ya Kimarekani iliyoachwa na mmisionari. Majirani walisema ni redio tu. Atuganile akasonya. Aliona wivu.

Redio ile haikuchomekwa ukutani hivi hivi. Evarista aliwaeleza wote kwamba ilizoea umeme wa kwao, nusu ya nguvu ya huu wetu, kwa hiyo lazima umeme upitie kwanza kwenye transfoma, boksi zito la chuma, ndipo upungue. Atuganile aliliona boksi lenyewe likinguruma polepole, lina joto, wala kazi yake haionekani. Akajijazia mwenyewe: hiyo ndiyo dawa iliyomfunga mume wangu.

Jumapili, Evarista akiwa kanisani, Atuganile aliingia chumbani mwake akalibeba kwenye kikapu cha viazi. Akalificha nyumbani, chini ya kitanda chake.

Alasiri Liberatus alifika kusikiliza matangazo ya mpira. Evarista alikuwa akipekua chumba kizima, akamsihi asubiri.

"Shemeji, bila lile boksi usiiguse."

"Umeme ni umeme tu," Liberatus akasema, akazikaza nyaya kwenye soketi kwa njiti za kiberiti.

Redio ililia mara moja. Moshi ukatoka. Akaishika aizime. Hakuiachia.

Walimzika Jumanne. Atuganile alilia kilio cha kweli, maana alijua alichofanya. Jioni, waombolezaji walipotawanyika, akasikia ngurumo chini ya kitanda. Nyumba yake haikuwa na umeme. Ilikuwa na chemli tu.

"Liberatus?" akanong'ona.

Ngurumo ikakoma. Kiti cha mumewe kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

Ikawa hivyo kila siku, saa ileile ya watu kutoka karakana. Mume hakupitia kwa mtu tena. Atuganile alimpikia, akala peke yake, hakuthubutu kugeuza shingo.

Alipofariki uzeeni, ndugu walikitoa kiti nje. Kwenye mkono wa mbao palikuwa na alama za vidole vitano, zimeungua hadi ndani. Aliyezigusa alirudisha mkono haraka. Zilikuwa bado za moto.